Oili ya injini: hesabu saa, usihesabu kilomita peke yake

Chini ya boneti ya Toyota IST yangu kuna kikadi cha gereji kimefungwa kwa uzi. Kina kilomita za siku oili ilipomwagwa na kilomita za kurudi, na tofauti yake ni 3,000. Kwenye ubavu wa mlango wa dereva kuna stika nyingine, ya Kijapani, iliyoshuka na gari kutoka melini. Nayo inahusu oili: imeandikwa H28, yaani mwaka wa 28 wa enzi ya Heisei, kwa hesabu yetu 2016. Sasa ukifuata ratiba ya Toyota huko kwao Japani, gari la petroli lisilo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa ya ziada kwenye injini) hubadilishwa oili kila kilomita 15,000 au kila mwaka, kitakachotangulia. Injini ni ileile. Mmoja anamwaga oili mara tano, mwenzake mara moja.

Nimewasikia watu wakibishania jambo hili kwenye maegesho hadi wakanuniana. Mwenye kitabu cha gari anamwita fundi mwizi, fundi anamwita mwenye kitabu mshamba. Nimemiliki gari hili miaka kadhaa, na naona wote wawili wana haki, ila kila mmoja anazungumzia gari linaloishi maisha yake.

Toyota hiyohiyo ina mstari wa pili ambao wengi hawaufikii: mazingira magumu, kilomita 7,500 au miezi sita. Mazingira magumu kwao ni barabara mbovu na zenye vumbi, safari fupi za chini ya kilomita 8, injini kuunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama, na kupanda milima mara kwa mara. Msomaji wa Dar, Nairobi au Bujumbura, jikague: umekosa lipi hapo? Na kama gari lako la petroli lina tabo, Wajapani hawana mzaha: kilomita 5,000 au miezi sita, na kwenye mazingira magumu 2,500 au miezi mitatu.

Oili inavyochoka

Oili haichakai kwa kuzunguka kwa tairi. Inachoka kwa joto na hewa, kwa petroli isiyoungua inayopenya kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), kwa mvuke wa maji unaozaliwa kila petroli inapoungua, na kwa vumbi linalopita filta ya hewa iliyochoka. Ndani ya oili mna dawa: za kusafisha, za kushikilia masizi yasigande, za kuzuia kutu, za kulinda vyuma vinavyosuguana. Dawa hizo ndizo zinazotangulia kwisha. Oili yenyewe inaweza kuonekana bado ipo, inateleza vizuri kidoleni, kumbe imebaki mafuta matupu.

Ndiyo maana weusi si kipimo. Oili inayosafisha lazima ichafuke, na ya dizeli hugeuka nyeusi siku chache tu baada ya kuwekwa. Fundi akikuchomolea dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na kukuonyesha weusi, mshukuru kwa kukuonyesha, kisha muulize ina saa ngapi.

Saa zako ni ngapi?

Hapa ndipo ninapotofautiana na vikadi vingi vya gereji. Chukua mtu wa Kimara, pembeni mwa Dar, anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji. Ni kilomita kama 16 kwenda. Asubuhi anatumia saa moja na dakika 20, jioni vivyo hivyo. Mwendo wake wa wastani ni kilomita 12 kwa saa. Akienda siku sita kwa wiki, ametembea kilomita 192, lakini injini imeunguruma saa 16. Akisubiri kilomita 5,000 zifike, zitamchukua wiki 26, na injini itakuwa imefanya kazi saa zisizopungua 416.

Mchukue mwingine anayesafiri Dar hadi Mbeya. Hata ukimkata muda wa vibao vya kasi ya 50 na foleni ya malori, wastani wake ni kama kilomita 65 kwa saa. Kilomita 5,000 kwake ni saa 77. Odometa zote mbili zinasoma namba moja, lakini oili ya wa Kimara imefanya kazi zaidi ya mara tano ya ile ya wa Mbeya. Tena ya Kimara imefanya kazi chafu: taratibu, na upepo haba wa kupooza sampo.

Wenye jenereta wanalijua hili siku zote. Jenereta haina kilomita, kwa hiyo oili yake huhesabiwa kwa saa, na 250 ni kipimo cha kawaida kwa za dizeli. Ford nao huwaambia wenye baadhi ya magari yao yanayosimama muda mrefu injini ikiwaka wahesabu kila saa ya kusimama kuwa kama kilomita 40 za safari. Mpe mtu wetu wa Kimara hesabu hiyo. Tuseme katika dakika 80 za safari, 50 amesimama. Hizo ni kilomita 33, jumlisha 16 za kweli, unapata 49. Kwenda na kurudi ni karibu 100, wakati odometa imeandika 32.

Yaani foleni inakula oili mara tatu. Gawanya 15,000 za Toyota kwa tatu, unapata 5,000. Gawanya 7,500 za mazingira magumu, unapata 2,500. Kumbe 3,000 ya kikadi haikutoka hewani. Fundi hakuifanyia hesabu, ila amefungua injini nyingi za watu wa foleni akaona kilichomo.

Kujua saa zako huhitaji kifaa. Baadhi ya magari yana wastani wa mwendo kwenye dashibodi. Kama lako lina, gawanya kilomita kwa huo wastani. Kama halina, kwa wiki moja andika muda unaowasha na kuzima, uchukue na kilomita za wiki hiyo. Inatosha.

Mimi mwenyewe najipangia hivi. Oili ya kawaida naimwaga ikifika saa 250, au kilomita 5,000, au miezi sita, chochote kitakachowahi. Sintetiki, oili ya bei ya juu nitakayoieleza mbele, naisogeza hadi saa 300 au kidogo zaidi, kilomita zisizidi 7,500 kwa gari lenye umri kama langu, na miezi isizidi kumi na miwili. Kwa wa Kimara, saa 250 ni kilomita 3,000 kamili. Kwa wa Mbeya, kilomita ndizo zitakazomfunga kwanza, na kumlazimisha arudi kila 3,000 ni kumwaga oili ambayo haijafikisha hata saa 50. Gari la bibi linalotoka Jumapili tu kwenda kanisani nalo lina ratiba yake: kilomita hazifiki, saa hazifiki, lakini injini haipati moto wa kutosha kukausha maji, kwa hiyo miezi sita ikifika, mwaga. Nimefungua kifuniko cha gari la namna hiyo nikakuta ute wa rangi ya maziwa ya chai.

Namba kwenye galoni: 20W-50 na ugonjwa wa "nchi ya joto"

"Bosi, hii nchi ya joto, weka nzito." Sentensi hii nimeisikia kila gereji niliyopita. Ina mantiki ya juujuu, ila inasahau kwamba injini ina themostati, valvu inayodhibiti joto la maji yake. Ikishapata moto, maji yake hukaa karibu na nyuzi 90, na oili huwa hapo au juu kidogo, iwe uko Tanga au Njombe. Wahandisi waliochagua 5W-30 walichagua kwa joto hilo la ndani, na nafasi kati ya beringi na krenkishafti ilikatwa kwa unene huo.

Namba ya mbele ya W inahusu baridi. W yenyewe inasimama badala ya winter, majira ya baridi ya Wazungu. Ya nyuma inahusu unene kwenye nyuzi 100. Kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, kinataka oili ya 30 iwe kati ya 9.3 na 12.5 (kwa mm² kwa sekunde), na ya 50 iwe kati ya 16.3 na 21.9. Kwa hiyo injini ikiwa ya moto, 50 ina uzito wa karibu mara mbili ya 30. Ikiwa haijapata moto, tofauti ni kubwa zaidi: kwenye nyuzi 40, 20W-50 nyingi ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Asubuhi unapowasha gari, hata Dar, oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kemshafti, shafti inayofungua valvu. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka, nayo inaendeshwa kwa msukumo wa oili inayopita kwenye vitundu vidogo vyenye chujio. Ukiilisha uji, usishangae taa ya injini ikiwaka.

Kwa injini ya 1NZ, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye IST, Raum, Fielder, Probox na Premio nyingi, 5W-30 au 10W-30 ndiyo chakula chake. Gari likizeeka na kuanza kupunguza oili, 10W-40 ni hatua ya busara. 20W-50 naiacha kwa injini za zamani kweli, zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kwa magari mapya yaliyoandikwa 0W-20 kwenye kifuniko cha kumiminia, kama Aqua, 0W-20 ndiyo sahihi, na 5W-30 inaweza kuziba pengo ukikwama njiani. Usiogope ile sufuri. Injini haitaanguka kwa sababu Morogoro kuna jua.

Herufi ambazo hakuna anayezisoma

Geuza galoni utafute neno API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) likifuatiwa na herufi mbili. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Herufi ya pili ndiyo umri wa teknolojia: kadiri inavyosonga mbele kwenye alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya kisasa. Waliotunga alama hizo wenyewe wanasema SF haifai kwa magari mengi yaliyotengenezwa baada ya 1988. SJ ni ya magari ya 2001 kurudi nyuma, SL ya 2004, SM ya 2010, SN ya 2020. SP ilianza 2020, na ya karibuni kwa petroli ni SQ, iliyoanza 2025.

Sasa nenda duka la spea mtaani uangalie yale magaloni ya bei poa yaliyopangwa mlangoni. Utakuta SF bado inauzwa, kwa fahari, yenye picha ya gari la mbio. Mtu ana gari la 2008, anaweka oili iliyoundwa kwa Corolla ya 1986, halafu anajisifu kwamba anabadilisha kila baada ya 2,000. Pesa hiyohiyo ingemnunulia SN na kumpeleka mbali zaidi. Ukiniuliza ni jambo gani moja la kubadilisha kesho kwenye manunuzi yako, ni hili la herufi, kabla hata ya kufikiria sintetiki.

Sintetiki: inasaidia wapi

Mafuta ya msingi yanayotengenezewa oili hugawanywa makundi matano. La kwanza na la pili ni mafuta ghafi yaliyosafishwa, ndiyo tunayoyaita ya kawaida. La tatu nalo limetoka kwenye mafuta ghafi, ila limepikwa upya kwa hidrojeni chini ya joto na mgandamizo mkubwa hadi likawa safi sana. La nne, PAO, linaundwa kiwandani kutokana na gesi. La tano ni mengineyo yote. Zamani neno sintetiki lilimaanisha la nne na la tano. Kisha Castrol wakaanza kutumia la tatu na kuliita sintetiki, Mobil wakalalamika, na mwaka 1999 chombo kinachoamua migogoro ya matangazo Marekani kikawapa Castrol haki. Ndiyo maana magaloni mawili yote yameandikwa sintetiki kamili, na moja ni bei mara mbili ya jingine. Lile la bei nafuu si feki. Huenda ni kundi la tatu, na kwa gari la kawaida kundi la tatu linatosha na kubaki. Semi-sintetiki ni mchanganyiko, na hakuna anayelazimishwa kukuambia amechanganya kiasi gani.

Je, ni bora kweli? Ndiyo. Mwaka 2017 chama cha wenye magari Marekani, AAA, kilizipima pamoja na za kawaida, na kwa wastani sintetiki zikafanya vizuri zaidi kwa karibu asilimia 47. Zinastahimili joto bila kuganda kuwa lami, zinapungua kidogo kwa mvuke, na unene wake hauporomoki haraka. Kimoja kati ya vipimo vyao kilikuwa kusukumika kwenye baridi kali. Hicho kwetu sisi hakina kazi.

Lakini angalia kinachoua oili kwenye foleni: petroli iliyopenya, maji, vumbi. Sintetiki haina dawa ya kufukuza petroli. Vumbi likiingia, ni vumbi vilevile ndani ya oili ya bei ghali. Kwa hiyo faida yake kubwa, kuvumilia joto kwa muda mrefu, anaila zaidi mtu wa barabara kuu na mwenye tabo kuliko mtu wa Kimara.

Ifanye hesabu hivi. Bei ya galoni la kawaida iite moja. Sintetiki ikiwa mbili na nusu, lazima ikupeleke safari mara mbili na nusu ndipo mtoke sare. Kutoka saa 250 hadi 300 na kitu si mara mbili na nusu. Unaokoa filta na usumbufu wa gereji kidogo, basi. Kwa gari lisilo na tabo linaloishi mjini, ningetumia pesa hiyo kununua oili nzuri ya kawaida au semi yenye SN au SP, na kuibadilisha kwa wakati.

Mahali ambapo silipi nusu ni hapa: gari lenye tabo, iwe Subaru ya petroli au Daihatsu ndogo, kwa sababu tabo huchemsha oili vibaya mno. Injini za kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama zile Noah zilizoandikwa D-4, zinazovujisha petroli nyingi kwenye oili. Haibridi, inayowaka na kuzima safari nzima. Na gari linalobeba mzigo kupanda mlima Kitonga kila wiki. Hawa wape sintetiki, na bado usiwaongezee muda kwa tamaa.

Kuhusu uvumi kwamba sintetiki inavujisha gari kuukuu: oili za leo haziharibu sili. Kinachotokea ni kwamba injini iliyokuwa imezibwa na uchafu inasafishwa, na tundu lililokuwa limezibwa na tope linafunguka. Hatari iliyo kweli ni tope hilo likibanduka kwa mpigo na kuziba chujio la pampu. Kama umenunua gari na huijui historia yake, na chini ya kifuniko unaona tope jeusi lililoganda, usiimwagie dawa ya kufulia injini siku hiyohiyo. Weka oili ya kawaida nzuri, tembea kilomita 1,000 hadi 1,500, mwaga na filta yake, rudia tena, ndipo uhamie unakotaka.

Feki

Oili bandia zipo, na galoni zuri lililotupwa na gereji lina soko lake. Nunua sheli au kwa wakala mwenye risiti. Kagua kifuniko kama mhuri wake haujaguswa, karatasi ya alumini chini yake imekaa sawa, na namba ya toleo imechapwa ikasomeka. Galoni lako likishaisha, litoboe kwa bisibisi kabla ya kulitupa. Ukiuziwa bandia Tanzania, wa kuwapelekea ni TBS (Shirika la Viwango) au Tume ya Ushindani, ukiwa na galoni na risiti yako.

Kubadilisha mwenyewe

Kazi hii ni ya dakika 40. Nitaelezea kwa 1NZ kwa kuwa ndiyo ninayoijua mikononi. Kwa gari jingine soma kitabu chake kwa vipimo. Andaa spana ya namba 14 (ringi, maana ya mdomo wazi itaivua nati pembe), beseni la kupokea lita tano, filta mpya, washa mpya (kipete cha kuziba) ya nati ya sampo, galoni la lita 4, matambara na glavu.

1. Washa injini dakika tano kisha zima. Oili vuguvugu inatoka na uchafu wake. Ya moto kabisa itakuunguza. Egesha sehemu tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya tairi.

2. Pandisha gari kwenye rampu au stendi. Jeki ni ya kunyanyulia. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama jirani anafanya hivyo kila siku.

3. Fungua kifuniko cha kumiminia, ukiangalie kwa chini. Ute mweupe kidogo unaweza kuwa unyevu wa safari fupi. Ukiwa mwingi na maji ya rejeta yanapungua, achana na oili kwanza, tafuta fundi wa silinda hedi.

4. Legeza nati ya sampo, malizia kwa vidole ukiisukuma ndani, kisha itoe kwa haraka. Acha itiririke dakika 10 hadi 15. Hii ndiyo nafasi yako ya kuipima injini bure: pitisha oili kwenye mwanga, usikilizie kwa vidole. Chembe za kung'aa kama rangi ya gari ni dalili ya beringi. Harufu kali ya petroli inakuambia ufupishe ratiba yako.

5. Fungua filta ya zamani, na hapa usiwe na haraka. Hakikisha mpira wake umetoka nao. Mimi mara moja niliuacha umeng'ang'ania kwenye injini, nikafunga filta mpya juu yake, mipira miwili ikakaa pamoja. Kilomita chache baadaye taa ya oili ikawaka, na nyuma yangu mstari mweusi kwenye lami. Nilizima papo hapo, injini ikapona. Oili yote ya pesa yangu ilibaki barabarani. Paka mpira mpya oili kidogo, zungusha kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono. Anayekaza filta kwa spana anamwachia laana atakayeifungua.

6. Rudisha nati na washa mpya. Kipimo chake ni kama Nm 37, yaani mkono mmoja wa kawaida kwenye spana fupi. Sampo za alumini zinavuliwa nyuzi na watu wanaoongeza bomba kwenye spana.

7. Mimina lita 3.4 kwanza. 1NZ inakula 3.7 pamoja na filta. Gereji nyingi humimina galoni zima la 4 kwa kuwa mteja amelinunua, asije akadhani ameibiwa. Ikizidi sana, krenkishafti inaipiga oili hadi ikatoa povu, na povu halilainishi kitu. Kilichobaki mwambie fundi, "Hiyo ni yangu, niwekee kwenye buti." Ndiyo akiba yako ya kuongezea.

8. Washa. Taa ya oili lazima izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini. Chungulia chini kama kuna tone. Zima, ngoja dakika tano, chomoa dipstiki, futa, rudisha hadi mwisho, chomoa tena usome. Ongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya F, ya juu.

9. Andika kwenye kikadi: tarehe, kilomita, aina ya oili, na herufi zake.

Katikati ya safari

Pima kila wiki, asubuhi kabla ya kuwasha, au kila unapojaza tangi. Ni watu wengi mno walionoki injini si kwa oili kuukuu, ila kwa kukosa oili. Kwenye injini nyingi ndogo, kutoka F hadi L, alama ya chini, ni takribani lita moja, kwa hiyo ukiikuta katikati, nusu lita inakutosha.

Baadhi ya injini zinakula oili kwa asili yake. 1ZZ ya 1.8 iliyotengenezwa kabla ya 2005 au hapo, iliyomo kwenye Wish na kwenye Premio na Allion za kizazi cha kwanza, ina pistoni zenye vitundu vidogo vya kurudishia oili. Vikiziba kwa kaboni, ringi zinaganda na oili inapanda kuungua. Vitabu vya Toyota huruhusu hadi lita moja kwa kilomita 1,000, kiasi ambacho mimi nakiona kikubwa mno. Kwa gari la namna hiyo, ratiba ya kubadilisha ni jambo la pili. La kwanza ni dipstiki kila Jumamosi na chupa ya lita moja kwenye buti. Na kuongeza si kubadilisha: oili mpya juu ya chafu inachafuka tu.

Oili chafu

Vaa glavu, maana oili iliyotumika ina sumu za masizi na metali ambazo hazina kazi na ngozi yako. Usiimwage mtaroni wala shimoni. Lita chache zinatosha kuharibu kisima cha mtaa. Toboa filta ya zamani na uiegemeze ichuruzike usiku kucha kwenye beseni, kisha rudisha oili yote kwenye dumu lililoandikwa kwa kalamu nene, mbali na watoto na mbali na dumu la mafuta ya kula. Mimi langu likijaa nalipeleka gereji yenye pipa la kukusanyia. Kuna wanaoiomba kwa ajili ya kupaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Ukimpa mtu, muulize kwanza kama nguzo hizo ziko karibu na kisima au bustani ya mboga.